Mgeni wa Mkekani Buzebazeba

Jumatatu, 9 Juni
Buzebazeba tena, uani kwa Mama Rehema. Nimekaa mkekani tangu asubuhi. Mama Rehema kachota maji, kayachemsha, kanawa kwa sabuni. Nimeandika. Sabuni mpya kabisa. Ananawa kwa ajili yangu, si bure.

Sheria ya utafiti wetu wa kunawa mikono: tazama, andika, usiseme, usisaidie. Ukisaidia umeharibu. Naichukia. Kwetu Singida mtu mzima hakai akitazama wenzake wakitwanga.

Mama mkwe wake, Bibi Tausi, yuko ndani, anaumwa miguu. Kitanda chake kiko dirishani, karibu na mkeka wangu. Uji kamaliza wote.

Jumanne, 10 Juni
Jirani kaleta kuni. Mwingine unga wa muhogo. Mama Rehema alikuwa sokoni. Wameinama mbele yangu, wamepiga makofi polepole, wamesema maneno ya Kiha nisiyoyajua. Nimeitikia kwa kichwa. Nikaandika: majirani husaidiana. Nikafurahi.

Bibi kaacha uji nusu.

Jumatano, 11 Juni
Lo, aibu.

Wamekuja wanawake wanne, kanga kichwani, wakakaa nami mkekani. Kimya. Mmoja akaninong'oneza kwa Kiswahili: maziko saa ngapi? Mama Rehema akatoka jikoni. Maziko ya nani? akauliza.

Wakaeleza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi wiki ya pili sina jembe wala mchi, nimekaa tu mkekani, sisemi. Wakadhani mimi ni mfiwa. Tangu jana walikuwa wananipa pole.

Mama Rehema kawaomba wachukue kuni zao. Wamekataa. Kilicholetwa msibani hakirudi, wamesema.

Na Bibi kasikia yote dirishani. Anaamini anakufa, watu wamekwisha kukusanyika, sisi tunamficha. Uji kausukuma. "Wamekwisha kuja. Nile cha nini?"

Ni mimi niliyemfanyia hivi. Kwa kukaa tu.

Alhamisi, 12 Juni
Bibi bado hali chakula. Maji kidogo tu. Mama Rehema kaapa hakuna msiba mpaka sauti imemkauka. Bibi kageukia ukutani.

Nimempigia simu Bwana Elia, msimamizi wetu. Usiingilie, kasema. Endelea kuandika. Niandike nini? Mwanamke mzima anajifia njaa kwa adabu ya majirani na ukimya wangu?

Nimeweka kalamu. Nimefunga kanga kiunoni, nimeshika mchi, nimetwanga kisamvu chini ya dirisha lake. Natwanga ovyo, majani yameruka hadi mlangoni. Mama Rehema kacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Nikaendelea. Jasho, mikono inauma.

Sauti ikatoka dirishani: "Nani huyo anatwanga kama anaua nyoka?"

Shikamoo Bibi, ni yule mgeni.

Marahaba, kaitikia. Mfiwa hatwangi, kasema. Kisha kamwita Mama Rehema, kaomba uji. Kala.

Nimelia juu ya kinu. Sijali nani kaniona.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwambia Bwana Elia kila kitu. Hakufoka, na hilo limeniuma zaidi. Nyumba ya Mama Rehema imetolewa kwenye utafiti. Mimi pia nimetolewa uani kwa watu, nitakaa ofisini Katubuka. Ana haki. Sijuti.

Jumatano, 18 Juni
Nimepita Buzebazeba baada ya kazi. Bibi anakula migebuka, anachambua miiba mwenyewe. Kanikabidhi kinu kabla sijakaa. Nimetukanwa vizuri kwa kutwanga kwangu.

Jumapili, 22 Juni
Bibi Tausi kafariki jana asubuhi. Alikula usiku wa juzi, akalala. Kazikwa jana hiyohiyo, alasiri.

Leo nimekwenda. Mkeka uleule, wanawake walewale. Nilipotaka kukaa, wamesogea, si kunipisha bali kuziba nafasi. Mmoja kanipa mchi.

Tumepikia kuni zilezile. Nimetwanga hadi jioni. Bado natwanga ovyo, na hakuna aliyesema kitu.