Makofi Mbele ya Picha ya Maua

Albert Park, Durban

Mke wangu Mama Furaha,

Nakusalimu wewe na wote ulio nao hapo Kigoma. Homa ya mama mkwe imepoa? Na mguu wako, unakanyaga vizuri sasa? Mimi mwili ni mzima. Ya rohoni nakueleza.

Bado nalinda magari mbele ya lile duka la vitu vya zamani. Majuzi mwenye duka, mama mmoja wa Kizungu, aliletewa picha ya rangi za mafuta kutoka Ufaransa, ina miaka zaidi ya mia mbili: mawaridi yamejaa ndani ya chombo cha kioo. Akanisikia nikiongea Kifaransa na Kasongo, yule ninayekaa naye chumba kimoja. Akasema Jumamosi nivae shati jeupe, nisimame kando ya picha, niwaeleze wageni wake kwa Kifaransa. Wakipendezwa, atanipa kazi ya ndani ya duka. Unajua nilivyoihangaikia kazi ya namna hiyo ili niwalete huku.

Kasongo alinicheka. "Eish, ndugu, we sema tu. Aba bazungu habasikiake français. Banapendaka tu sauti."

Jumamosi ilipofika nilianza vizuri, kama mwenye duka alivyonifundisha. Mchoraji alikuwa mwanamke wa Paris. Mfalme wake alikatwa kichwa, mji ukajaa damu, naye akaendelea kuchora maua. Hapo hasira ikanipanda. Nikawatazama na glasi zao za mvinyo, hakuna aliyeelewa hata neno. Basi nikawaambia ya kwetu. Nikawaambia tulivyomzika Furaha njiani kule Fizi tukikimbia vita, bila jeneza, nikamfunika kwa koti langu, jambo ambalo wewe na mimi hatujalitamka tangu siku ile. Sauti ikanikatika.

Wakapiga makofi. Bibi mmoja akaniambia hajawahi kusikia maua yakielezwa vizuri hivyo.

Kazi nimepata. Kila Jumamosi nisimame pale, na mwenye duka anataka niseme vilevile, hasa pale mwisho sauti inapokatika. Nilikubali. Nimewachukia, Mama Furaha, na nafsi yangu nimeichukia zaidi. Mtoto wetu hawatamsikia tena. Nitawapa maua tu, na sauti nitaikata kwa makusudi.

Nisalimie mama mkwe, dada yako mshona nguo, na mchungaji aliyewapokea. Waambie nimepata kazi ya ndani. Wakiuliza kazi gani, sema ya dukani.

Mumeo,
Baba Furaha