Mkwe Nje ya Ua

Mama mpendwa, mvua ya Kitale imenifuata hadi huku Myanga, na chai yangu imepoa nikizungukazunguka na kadi hii mkononi.

Leo mgonjwa mmoja wa utafiti wetu wa dawa za saratani ya matiti aliletwa na mume wa bintiye. Kwao mkwe hamkaribii mama mkwe, kwa hivyo jamaa alisimama nje ya ua wa kliniki, akatugeuzia mgongo, akaita, “Daktari, uvimbe umepungua?”

Umepungua. Mama wa watu akacheka, kisha akaniuliza, “Na mama yako, ulimpima lini?”

Sijatulia tangu hapo. Mkwe angalau alifika kwa ua. Mimi binti yako hata kukuuliza naona aibu. Jumamosi nakuja. Usinichinjie kuku, Mama. Tutafunga mlango nikupime.

Wanjiru wako