Baba Amekubali Utibiwe Huko Huko

Shule ya Msingi Kakesio,
S.L.P. 41,
Karatu.
9 Machi 1986

Mpendwa kaka Koinet,

Habari za Japani na baridi yake? Unakula vizuri, au bado unasukuma wale samaki wabichi pembeni ya sahani? Sisi huku wazima. Mvua imeanza, na mguu wa mama, Yeyo wetu, umepona, anatembea hadi kisimani akituamrisha sote.

Sasa nisikuzungushe. Baba amekubali.

Barua yako ilitulaza na njaa. Tuliposikia uvimbe wa saratani bado upo kwenye ini, hata baada ya madaktari kuziba mshipa unaoulisha, Yeyo alilia akitaka urudi, kama ni kufa ufie kwenu. Nawe unasema hugusi tiba mpya bila baraka ya baba. Nikajua hapo kazi ninayo mimi, msomaji wa barua.

Baba aliposikia tiba yenyewe ni ya mionzi, alidhani watakuchoma ubavuni kwa chuma cha moto kama tunavyotia ng'ombe alama. Akakataa katakata. Mwanawe si ndama, akasema, akaenda zake zizini.

Kesho yake nikamsomea tena, polepole, pale ulipoeleza kwamba zile chembe za protoni hupenya mwilini, zikamwaga nguvu zao ndani ya uvimbe na kukomea hapo hapo. Akaniuliza kama hazitokei upande wa pili. Nikamwambia hazitokei. Akasema huo ni mkuki wa mtu anayejua kulenga, basi waurushe.

Najua hawakuahidi kupona. Umesema tiba yenyewe bado changa. Lakini mimi nacheka peke yangu darasani mpaka watoto wananishangaa.

Yeyo anakusalimu sana, ameacha kulia. Shangazi Nosim anakuombea. Mdogo wetu Sironka anataka redio, usimjali.

Baba alitaka akutemee mate ya baraka kichwani, kama alivyofanya siku ulipoondoka. Nikamwambia Japani ni mbali. Akaninyang'anya karatasi. Hapa chini wino umechuruzika, usidhani nimelia. Ni mate ya baba. Yapake ubavuni, penye ini, kisha nenda ukawaambie madaktari ndiyo.

Engai, Mungu wetu, akulinde.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Nashipai