Hataki Kitabu Huyu

Duluth, 9 Januari

Mdogo wangu Orrin,

Kosa la watu wengi wakifika maktaba ni kuomba kitabu wakati walichonacho ni shida. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu barua yako ya Krismasi imenikera, na nisipolitoa sasa nitaandika habari za baridi hadi karatasi iishe.

Haya, hujambo? Magoti yanaendeleaje? Mimi nyonga bado inanisumbua, na daktari amenikataza kuendesha gari mpaka theluji iyeyuke. La sivyo ningekuwa nimeshafika huko kukuvuta sikio. Na wifi yangu Marlys, hali yake vipi?

Unasema alitoka asubuhi na ndara za nyumbani, jirani akamkuta kwenye sanduku la posta barabarani, theluji imemfika vifundoni, akilisubiri basi la shule alilokuwa akiliendesha mwenyewe zamani. Kisha unasema ulikwenda maktaba na hawakukusaidia. Uliwaambia nini? Umeandika kwa mkono wako: uliomba kitabu cha vitasa vya milango. Nao wakakupa kitabu cha vitasa vya milango.

Nikueleze, maana nimefundisha shule maisha yangu yote na wakutubi nawajua. Mkutubi hakuulizi kwa nini. Amefundishwa hivyo, na ni heshima: ukiomba kitabu cha talaka, hatataka kujua kama umegombana na mkeo. Lakini heshima hiyohiyo itakurudisha nyumbani mikono mitupu usipofungua mdomo. Ukiitaja shida yenyewe, atakuambia nani wilayani anashughulikia wagonjwa wa kusahau, nani anaweza kuja kukaa na mgonjwa ili wewe ulale, kanisa lipi lina watu wa kujitolea. Nenda tena, useme shida.

Dada yako,
Verna


Elk Prairie, 27 Januari

Dada Verna,

Sisi tupo, ila tanuri la kupasha nyumba joto linakohoa kunishinda mimi. Pole na nyonga. Simu siwezi kukupigia, Marlys yuko karibu na kila ninachosema anakisikia. Nakuandikia ghalani.

Nilikwenda. Nilimwacha Marlys kwenye gari, joto limewashwa. Kwenye kaunta yupo mkutubi, binti wa Vang, mpole, anakutazama kana kwamba siku nzima ni yako. Mara nyuma yangu akasimama Gordy Haugen, yule tuliyesoma naye, akaniuliza kwa sauti kama hatimaye nimekuja kujifunza kusoma. Sasa niseme nini mbele ya Gordy? Jumapili, kabla kahawa ya kanisani haijapoa, mji mzima ungekuwa unapanga kutuletea mabakuli ya nyama na viazi na kuchungulia jikoni kwetu. Nikaomba kitabu cha mashine za kusukuma theluji.

Wilayani nilipiga simu pia. Mashine ikanipeleka kwa mashine nyingine, na hiyo ikanirudisha kwa ile ya kwanza. Nikakata. Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Orrin


Duluth, 2 Februari

Orrin,

Natumaini mnaendelea vizuri. Nimekasirika.

Kwanza, usimwache tena Marlys kwenye gari. Mtu anayeweza kufungua mlango wa nyumba atashindwa mlango wa gari?

Pili, nimeipigia maktaba yenu mwenyewe. Bi Vang, yule binti wa kaunta, akanijibu kwa adabu kwamba hawezi kusema nani huingia pale wala anaomba nini. Nikamuuliza, hata kwa dada yake? Akasema hata kwa mama yake. Nilitaka kumfokea, kisha nikakumbuka kwamba tabia hiyo nimekusifia mimi.

Akanipa habari ambayo humpa yeyote anayepiga. Kila Alhamisi ofisa wa ustawi wa jamii kutoka wilayani hukaa katika chumba kidogo nyuma ya rafu za magazeti. Mlango hufungwa, kwa hiyo Gordy hasikii kitu. Lakini lazima mwenye shida aseme mwenyewe kwamba anamtaka. Mimi siwezi kukusemea kutoka Duluth. Nimejaribu.

Alhamisi, Orrin.

Dada yako,
Verna


Elk Prairie, 8 Machi

Dada Verna,

Hujambo? Najua umengoja sana. Barua yako niliisoma, nikaiweka mfukoni, na Alhamisi zikapita. Kila moja nilikuwa na sababu nzuri.

Kisha Marlys akatoka tena. Kijana wa kituo cha mafuta ndiye aliyemleta, Marlys hana glavu mikononi. Vidole viwili viliungua kwa baridi. Daktari anasema vitapona, lakini aliponitazama nilijua anawaza nini.

Alhamisi iliyofuata nilimchukua, tukaingia maktaba pamoja. Gordy yupo, bila shaka, anasoma gazeti. Nikafika kaunta. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikiuliza kama wana kitabu chochote kuhusu tanuri.

Marlys akaweka mkono wenye bandeji juu ya kaunta. Akasema, "Hataki kitabu huyu. Mimi napotea. Yeye ana aibu, na usiku halali."

Binti wa Vang hakushtuka. Akamuuliza yeye, si mimi, kama angependa kuzungumza na mtu leo. Marlys akasema ndiyo, ndiyo maana amevaa viatu vizuri.

Tulikaa na yule ofisa mpaka walipotaka kufunga. Usidhani mambo yamekwisha. Nafasi kwenye kituo cha wazee cha mchana haipo mpaka Mei, na karatasi nilizojaza zinarudishwa kila mara kwa sababu ya sahihi. Ila bangili yenye jina na simu yetu amepata, na mwanamke mmoja wa kujitolea huja Jumatano. Jumatano ya kwanza nililala mpaka jua likazama. Gordy naye alileta bakuli la nyama na viazi. Lina chumvi kama bahari.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, nilimuuliza Marlys amejuaje yote hayo. Akasema, "Unaandika ghalani tangu Krismasi, Orrin. Hakuna mtu anayependa ghala kiasi hicho."

Tangu hapo hatujalizungumza tena. Sijui nianzie wapi. Hata hii naiandikia ghalani.

Mdogo wako,
Orrin


Duluth, 14 Machi

Orrin, na wifi yangu Marlys,

Hamjambo? Marlys, vidole vinaendeleaje? Bado vinawasha?

Wifi, nimekuwa nikimfundisha Orrin jinsi ya kusema shida, na sikufikiri hata mara moja kwamba mwenye shida ana mdomo wake. Nimeuliza habari zako kwa mtu mwingine kana kwamba umeshaondoka. Bi Vang hakufanya hivyo, na hakuwa amekujua miaka arobaini.

Yule mwanamke wa Jumatano, ungependa mfanye nini naye? Orrin hajui, nami sijui. Pengine angekutembeza kwenye njia yako ya zamani ya basi. Zipo siku utakazoweza kutujibu na siku utakazoshindwa, kwa hiyo nakuuliza sasa.

Orrin, toka ghalani. Leo, kabla ya chakula cha jioni, mpe Marlys barua hii aisome mwenyewe.

Dada yako, na wifi yako,
Verna