Wagonjwa wa Kisiwani

Alhamisi, 24 Juni 1976

Leo nimepiga mbizi ya kwanza na nimesababisha mkutano.

Nieleze taratibu. Baba ni karani wa ofisi ya samaki Sumbawanga. Mzungu mmoja mtafiti alipoondoka alimwachia miwani ya kuzamia – mpira mweusi, kioo kimoja kikubwa. Baba akanipa mimi, maana kaka zangu wangeivunja. Likizo hii nimeletwa huku ziwani kwa Shangazi Mbonile, nikimbie baridi na, kama mama anavyosema, nizoee watu. Mama anaamini aibu ni kama mafua. Ukikaa na watu wengi inatoka.

Nikangoja mchana, nikidhani wote wako shamba la kijiji. Nikavaa bukta ya kaka na blauzi ya shule, nikazama pale ufukweni. Nilipoibuka, umati. Watoto walikuwa wanahesabu kwa sauti. Mama mmoja ameshafunga kanga kiunoni tayari kwa kulia. Mwingine anauliza kwetu hasa ni wapi, ili ijulikane maiti inapelekwa Sumbawanga au Mbeya.

Akafika Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Eustaki. Badala ya kuwatawanya akafurahi. "Ndugu wananchi," akasema, "kwa kuwa tumeshakusanyika..." Akafungua mkutano. Vyoo. Visima. Palizi ya mihogo. Na mimi nimesimama majini mpaka kiunoni, nguo zimenigandia, siwezi kutoka mbele ya watu. Walipofika kwenye mengineyo meno yalikuwa yanagongana.

Ijumaa, 25 Juni

Kisimani wanawake wamenipisha nilipofika. Halafu mmoja: "Wee mtoto wa Sumbawanga, leo usizame. Nina maharage jikoni."

Jumatatu, 28 Juni

Mjomba Leonsi, mume wa Shangazi, ameniokoa.

Kuna kisiwa hapo mbele. Watu wake walihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, wakaja kupangwa mistari huku bara, kila nyumba inamtazama mwenzake mdomoni. "Kule hakuna mtu," Mjomba kasema. "Hata mwizi." Amenipakia kwenye mtumbwi asubuhi, kanishusha kwenye mawe upande wa magharibi, akasema anaendelea mbele kuvua, jioni atanipitia.

Siku nzima hakuna aliyeniambia "Sauti!" Shuleni naambiwa hivyo kwa Kiingereza, nyumbani kwa Kiswahili, na lugha zote mbili zinaniishia pale pale kooni. Chini ya maji hakuna lugha. Mawe yanashuka kama ngazi, maji yanaonyesha mpaka mbali, samaki wana mistari kama soksi za timu. Kuna mmoja alifungua mdomo, watoto wake wote wakaingia, akaufunga. Huyo ana udhuru wa kutosema. Nimemwonea wivu.

Nikifa leo naomba wasiitishe mkutano.

Jumatano, 30 Juni

Nimezunguka jiwe kubwa nikifuata samaki, nikaibuka upande wa pili. Mtu amelala, kofia usoni, mtumbwi umefichwa kwenye matete. Mjomba.

"Shikamoo Mjomba," nikasema. Nimelelewa vizuri, ndiyo shida.

Akaruka kama kaumwa na siafu. "Umemwona nani?"

"Wewe."

"Hapana. Mjomba wako yuko kitandani, mgongo umembana. Shangazi yako ameshapeleka taarifa shambani." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Kisiwani hatusalimiani. Ukimsalimia mtu umeshamwona."

Nikamuuliza, hatusalimiani, sisi na nani? Akarudisha kofia usoni.

Ijumaa, 2 Julai

Nimejua sisi na nani.

Kwenye kivuli cha mtini: Bi Hilaria, mjumbe wa nyumba kumi, anasuka mkeka. Kazi yake ni kupita kila asubuhi nyumba kwa nyumba kuwatoa wagonjwa vitandani waende shamba. Yeye mwenyewe, nasikia, anaumwa jino. Kwenye pango: fundi cherehani, homa. Juu ya mwamba: katekista Beda, msiba wa mjomba ambaye alikwisha kuzikwa mwaka jana. Na wengine, kila mmoja na jiwe lake, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Katika nchi nzima hakuna sehemu yenye adabu ya namna hii. Mimi shikamoo imekatazwa, basi nikipita mbele ya mkubwa napiga goti kidogo huku nimefumba macho.

Ningevumilia. Lakini kutazama hakukukatazwa. Leo nimeibuka nikasikia sauti nyuma ya jiwe: "Kaipita hesabu ya jana." Na nyingine: "Bado. Jana alitoka hajakohoa."

Mchana kivuli kikahama, ukatokea ugomvi wa nani akae wapi. Bi Hilaria akasema, akiwa ameutazama mkeka wake, kwamba mtu ambaye hayupo angeshauri iwepo kamati. Wakakubaliana. Wanaikubali hoja wakiwa wametazama ziwani.

Nilikimbia mkutano. Mkutano umenifuata kwa mtumbwi.

Jumapili, 4 Julai

Baada ya Misa Mwenyekiti alituzuia nje ya kanisa. Jumanne wanakuja wageni wa wilaya, kabla ya Saba Saba, kuliona shamba la kijiji. Wiki iliyopita, akasema, shambani walikuwa yeye, mke wake, na bibi mmoja kiziwi ambaye hakusikia kwamba wengine wanaumwa. Basi: atakayebainika anakwepa hapati sukari dukani mpaka Krismasi. Na mtumbwi wake utakuwa mali ya kijiji.

Nikamtazama Shangazi. Mtumbwi ndio unaotulisha wote pale nyumbani. Shangazi anautazama mlango wa kanisa kama hajawahi kuuona.

Halafu Mwenyekiti akanyoosha kidole. Kwangu.

"Wewe binti. Msomi. Mgeni hana jirani wa kumficha. Huko kisiwani unaona nani?"

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Kila uso. Mjomba anahesabu vidole vyake vya miguu. Bi Hilaria ameshika shavu lenye jino.

"Sauti, binti!"

"Samaki," nikasema.

"Samaki tu?"

"Wa aina nyingi."

Watu wakacheka, wagonjwa kuliko wazima. Mwenyekiti hakucheka. "Vizuri," akasema. "Jumanne asubuhi utanipeleka nikawaone samaki wako. Nitawahi kurudi kabla ya wageni. Na nikimkuta mwenye miguu, tutaanza na wewe, nimwandikie baba yako ofisini."

Jumatatu, 5 Julai

Kijiji kizima kimepona. Wamekwenda shamba wanaimba, hata wenye misiba. Bi Hilaria kapitisha samaki, migebuka miwili, mlangoni: "Ya kwako, mwanangu. Sauti yako nzuri, usiitumie sana."

Leo kisiwa ni kitupu kabisa. Na hakuna wa kunipeleka, maana Mjomba analima.

Jumanne, 6 Julai

Naandika hapa hapa kisiwani, daftari juu ya goti.

Tumekuja wawili tu. Mwenyekiti amepiga kasia mwenyewe, na kwa ustadi ambao sikuutegemea. Kumbe kazaliwa hapa. Akatembea kisiwa kizima, nyuma yake mimi roho mkononi. Hakuna mtu. Akaokota kipande cha ukili wa mkeka chini ya mtini, akakigeuza, akakitia mfukoni. Akafika kwenye mawe matatu meusi kwenye nyasi, akasimama. "Jiko la mama," akasema. "Yeye ndiye niliyemhamisha wa kwanza, ili wengine waone mfano." Sikujua niseme nini. Kwa mara ya kwanza hilo halikuwa kosa.

Akakaa juu ya jiwe langu, akavua viatu. "Unajua, binti, tangu nichaguliwe sijapata siku mtu asiniite?"

Nikamkumbusha wageni. Akasema bado mapema. Akaniomba miwani.

Nimemfundisha Mwenyekiti kupiga mbizi! Anapuliza hewa yote mara anapozama, kama anahutubia. Mara ya kwanza aliibuka papo hapo. Mara ya pili alikaa kidogo. Mara ya tatu alitoka anacheka peke yake. Akanikataza kumwambia mtu kuhusu kucheka. Nikamkumbusha tena wageni. "Tena kidogo tu." Jua lilikuwa limeshapanda. Ng'ambo tulisikia ngoma – wako shambani wote, safari hii kweli wote, anayekosekana ni mmoja.

Nikasikia injini. Nilidhani wageni watakuja kwa lori. Wamekuja kwa boti kutoka Kirando, na sasa wanatoka kijijini wamepinda huku.

Mwenyekiti kaiona. Suruali yake iko kule juu ya mwamba. Akatazama suruali, akatazama boti, akarudi nyuma ya jiwe, maji shingoni, miwani usoni. "Binti," akasema, "hujaniona."

Nimekaa na daftari langu kama mtu anayesoma. Boti imezima injini. Imejaa watu wenye suti za kaunda, wanapunga mikono. Mmoja ana kipaza sauti.

"Wewe binti! Mwenyekiti wa kijiji tumemkosa shambani. Umemwona?"

Kulia kwangu maji yamefanya duara. Amezama.

Wananiambia nisimame. Wananiambia sauti. Wamesema watangoja tu mpaka nijibu, hawana haraka. Viputo vilikuwa vinapanda vingi. Sasa kimoja kimoja.