Uji wa Kibonge

Baba Kibonge,

Maziwa niliyokamua yako kwenye friji. Yapashe ndani ya maji ya moto, usiyachemshe. Mnyweshe mtoto kwa kikombe, taratibu, maana chuchu ya chupa nimeitupa. Ndiyo, ile uliyoipanua tundu kwa wembe asubuhi hii ili uji upite. Fundi bomba wee, koo la mtoto si mfereji! Kapaliwa mpaka macho yakamtoka, nawe ukabaki kuniita mimi.

Eti ana njaa kwa sababu anakutazama ukila. Hata paka wa jirani anakutazama ukila. Mtoto ana miezi minne, kukaa hajui, kijiko anakisukuma kwa ulimi. Nesi alisema tusubiri afikishe miezi sita, hapo ndipo maziwa peke yake hayatamtosha. Ulikuwepo, ukichezea simu. Na huo ubonge hakuupata kwa uji. Sema tu ulitaka ashibe alale, nawe ulale.

~~Nitarudi mchana.~~ Nitarudi jioni.

Uji uliobaki nimekufunikia hapa mezani. Kula wewe: meno unayo, na kwa kukaa hakuna anayekushinda.

Mama Kibonge