Kwa Hinrich Oltmanns: Wiki Tatu Ulizomwahidi Zurab

Mwaka umetimia leo, Hinrich, tangu uinamie kamba za viatu asubuhi na usiinuke tena. Ulikuwa na miaka sabini na moja. Gari lilikuwa limeshapakiwa mkate, viazi na makoti manne, na lilibaki mlangoni hivyo hivyo hadi Ijumaa, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyethubutu kulisogeza.

Tangu ustaafu kwenye boti za kuvuta meli, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kupanda ngazi ya kila meli iliyotia nanga gatini kwetu. Ulichora nyayo za mabaharia kwenye karatasi, ukaandika majina yao, ukawapelekea wajane wa kanisani wawafumie soksi za sufu. Bibi Gesine, mmoja wao, alikuwa hakuachi: "Hinrich, hawa ni mabaharia au tembo? Mguu mmoja umenimalizia sufu ya watu wawili." Ulimjibu kwamba mguu mkubwa ndio unaolala nje ya blanketi. Alinung'unika, akafuma.

Pale Nyumba ya Mabaharia, wanapopumzikia wakishuka melini, uliweza kukaa saa nzima bila neno, mtu akilia na watu wa kwao kwenye simu. Alipomaliza ulimmiminia chai, ukampa fimbo ya biliadi. Mabaharia walipokwenda dukani uliwasubiri garini na hukuwapigia honi hata mara moja. Sisi wa nyumbani ulitupigia.

Kisha vuli ile ikaja meli iitwayo Melanda. Mwenye meli aliacha kupokea simu, mafuta yakaisha, na watu kumi na mmoja wakawa wanapika sitahani kwa mbao za makreti. Ulihangaika miezi miwili hadi wakubwa wa bandari wakakubali: kumi waende kwao, mradi mmoja atie sahihi kuwa mlinzi wa meli, kwani meli haiachwi bila mtu. Mlinzi huyo hangeweza kuondoka mpaka meli ipate mnunuzi.

Ulimleta Zurab mezani kwetu, afisa wa kwanza wa meli hiyo, mtu wa mji wa mbali wa Batumi, ukamkatia keki ya siagi.

"Wiki tatu tu, mwanangu," ulimwambia. "Mnunuzi yupo, anakuja."

"Wiki tatu za kalenda, mzee, au za bandari?"

"Za Hinrich."

Alicheka, akatia sahihi. Mkeo Theda alikuwa anaosha vyombo. Alikutazama usoni, akaona huna hakika, akanyamaza. Ameubeba ukimya huo mwaka mzima.

Wale kumi walipanda ndege Jumanne. Siku tisa baadaye ulifariki. Mnunuzi hakuja.

Zurab hakuweza kuja kukuzika, ingawa mnara wa kanisa letu anauona kutoka sitahani. Theda alipompelekea chakula, askari wa geti la bandari alimrudisha. "Mama, kibali hiki ni cha marehemu. Sheria si yangu." Cha kwake alikipata baada ya wiki saba. Binti yako Frauke ameandika barua kumi na nne kwa wakubwa, kumwombea Zurab aende kwao. Mbili zimejibiwa, na majibu yote mawili yanasema wamesikitika. Mwezi Machi mama yake Zurab alifariki. Mwanawe aliyatazama mazishi kwenye simu, na chaji ikaisha kabla hawajafukia.

Nyumba ya Mabaharia sasa inafunguliwa alasiri mbili kwa juma. Hatujapata dereva. Meli zinafunga gatini, zinapakua, zinaondoka, na ngazi zake hazipandwi na mtu wa kuuliza hali.

Juma lililopita Theda alimkuta Zurab anamenya viazi, akamuuliza kama ana hasira nawe.

"Mama, kila asubuhi namsamehe. Ikifika jioni nimeghairi."

"Una haki, mwanangu."

"Haki ninazo nyingi. Ningezitoa zote kwa tiketi moja."

Ndipo mkeo akamwambia aliyoyaficha: kwamba siku ile alikuona usoni huna hakika, na alinyamaza. Zurab hakuinua kichwa.

"Hata mimi nilimwona," alisema. "Lakini wenzangu walikuwa wameshafunga mabegi."

Akakimaliza kiazi, akachukua kingine.

Ulikuwa mtu mwema, Hinrich. Tumekaa mwaka mzima tukilisema hilo, na bado ni kweli, na halijamfikisha mtu yeyote Batumi. Hatuandiki hapa kwamba umepumzika kwa amani, kwa sababu tunakujua. Ungekuwa umeamka sasa hivi, unatafuta viatu. Tunajaribu kufanya ulivyofanya, lakini hatuna miguu yako wala ubishi wako, na neno ulilolitoa hatuwezi kulitimiza. Tunampelekea viazi. Hicho ndicho tunachoweza.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, sisi tunaokukumbuka: mkeo Theda, binti yako Frauke na mumewe Eilert, wajukuu zako Jelto na Wiebke, Bibi Gesine na wajane wenzake, na Zurab, ambaye aliposikia tunaandika tangazo hili la kumbukumbu aliomba jina lake liwemo, mlinzi wa Melanda, wiki ya hamsini na nne.